Sanduku la zamani, plasma, na ukuta wa udongo

MUSUMBA, Kapanga. Usiku wa Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, karibu saa sita, watu wapatao arobaini walikuwa wamebanana ndani ya nyumba moja ya matofali ya udongo, wengine wakichungulia dirishani, wote wakingoja penati. Kule Rabat, Morocco, Leopards na Nigeria walikuwa wamemaliza dakika 120 wakiwa bao 1 kwa 1. Aliyeshinda angebaki na tumaini la Kombe la Dunia la 2026, aliyeshindwa angerudi nyumbani. Wachezaji walikuwa wanajipanga katikati ya kiwanja. Hapo konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa bateri uweze kuwasha televisheni, ikaanza kulia. Picha ikajikusanya ikawa mstari mmoja mweupe, mstari ukawa nukta, nukta ikazimika.

Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha kijana mmoja akapaza sauti gizani: "Mama, rudisha makuta yetu!"

Kila mtu alikuwa ametoa faranga 500 mlangoni. Mama mwenye nyumba hakujibu. Aliingia chumbani akipapasa ukuta, akatoka na redio ndogo ya mawe mawili, akaivuta antena, akaiweka juu ya televisheni iliyozimika. Mtangazaji alikuwa anasema Kifaransa kwa haraka, sauti ikija na kupotea. Walioelewa waliwaambia wasioelewa. Nyumba nzima ikashika kimya mpaka Chancel Mbemba alipopiga penati ya mwisho, 4 kwa 3, halafu Musumba yote ikalia kwa furaha, hata nyumba zisizokuwa na televisheni wala redio.

Usiku ule hakuna aliyekumbuka pesa. Asubuhi walikuja vijana watatu, na mama akawarudishia kila mmoja faranga zake 500. Ila tangu siku ile nyumba ile ilikuwa na neno moja tu la kuzungumza wakati wa bukari: wanunue plasma, au wasinunue?

Wasikilizaji wanajua neno hilo linavyotumika hapa. Televisheni yoyote iliyo bapa ni plasma. Ile yenye mgongo, nzito, ni "sanduku". Mtu akisema "kwa jirani wameingiza plasma" hasemi habari ya chombo tu. Anasema jirani amepata, na pengine anauliza amepata wapi.

Familia hii ina sanduku la inchi 21, lililonunuliwa kwa mtu aliyekuwa anahama. Baba anatengeneza baiskeli, mama anauza unga na chumvi sokoni, na siku za mpira nyumba inageuka kuwa ukumbi. Si biashara kubwa. Mechi za kawaida za Ulaya zinaleta watu kumi au kumi na tano. Mechi ya Leopards inajaza nyumba, lakini Leopards hawachezi kila wiki, na abonema ya dekoda inaisha kila mwezi, wawe wamecheza au hawakucheza. Kinachobaki kinaingia katika kopo la maziwa lililo chini ya kitanda. Mwezi wa Novemba kopo lilikuwa na dola 210, pamoja na pesa za mahindi.

Pesa hizo zilikuwa tayari na kazi nyingine. Binti yao wa kwanza yuko darasa la sita la sekondari, mwaka wa mtihani wa serikali. Shule ya msingi ya umma imetangazwa kuwa bila malipo tangu 2019, lakini sekondari wazazi wanalipa, na mwaka wa mwisho ndio unaokula zaidi.

Baba alikuwa na hesabu yake. Karibu na soko kuna nyumba nyingine inayoonyesha mpira, ina jenereta na kioo kikubwa, na watu wa nyuma wanaona namba za migongoni. Kwake mwenyewe watu wa nyuma wanauliza: "Nani kapiga?" Mashindano ya Afrika yalikuwa yanakuja, kuanzia tarehe 21 Desemba huko huko Morocco. Familia isipokuwa na kioo kizuri kabla ya Noeli, alisema, wateja watahamia kwa jenereta na hawatarudi. Mama alisikiliza, akasema: "Tele haikufa. Kilichokufa ni bateri." Wakaachana hapo kwa siku mbili.

Siku ya tatu akaja kaka ya mama kwa simu. Huyu anaishi Kolwezi, ndiye anayewatumia bidhaa kwa lori. Alikuwa ameona televisheni mbili kwa mfanyabiashara mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya inchi 42, ya mkono wa pili, imetoka nje, dola 120. Ya pili ilikuwa ya inchi 32, mpya ndani ya katoni, dola 140. Kwa baba jambo lilikuwa limekwisha. Nani anaacha kubwa ya bei ndogo akachukua ndogo ya bei kubwa?

Aliyefungua macho yao ni fundi wa redio na paneli wa pale mtaani, kijana asiye na maneno mengi. Alimwambia mjomba apige picha ya karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa kila moja, atume kwa simu. Picha zilipofika, baada ya kupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, fundi alitazama namba mbili tu. Ile kubwa iliandikwa W 300. Ile ndogo iliandikwa W 45.

"Hii kubwa," alisema, "ni plasma ya kweli."

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu wengi wanatoa pesa bila kujua tofauti hii. Plasma ya kweli ni kioo chenye vijumba vidogo sana, mamilioni, na kila kijumba kina gesi. Umeme ukipita, gesi inawaka na kutoa rangi. Chombo hicho kilianza mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na kwa miaka mingi kilikuwa ndicho kioo kizuri kuliko vyote, chenye weusi mweusi kweli. Lakini kila kijumba kinataka kuwashwa, na ndiyo maana plasma inakula umeme mwingi, inapata joto, na ni nzito kuibeba. Panasonic iliacha kuitengeneza mwishoni mwa 2013. Samsung na LG zikafuata mwaka 2014. Kwa hiyo plasma ya kweli inayouzwa leo Kolwezi, au Lubumbashi, au popote, ina zaidi ya miaka kumi. Televisheni bapa mpya dukani siyo plasma, hata kama muuzaji anaiita hivyo na mnunuzi anaiita hivyo. Ni kioo kingine, chenye taa ndogo za LED nyuma yake, na taa hizo zinakula kidogo.

Mahali penye umeme wa waya, tofauti hiyo inaonekana kwenye karatasi ya SNEL mwisho wa mwezi. Musumba nyumba nyingi hazina waya. Kila tone la umeme linatoka juu ya paa.

Fundi alichukua kijiti akaandika mavumbini. Bateri yao ni ya volti 12, Ah 100. Ikiwa mpya ina Wh 1,200, lakini bateri ya maji ya asidi ukiikausha yote unaiua mapema, kwa hiyo mtu mwenye akili anatumia nusu, 600. Ya kwao imechoka, labda inatoa 400. Sanduku la inchi 21 linakula W 80, dekoda 15, konvertisa nayo inameza kidogo njiani, jumla kama 110. Gawanya: saa tatu na nusu na dakika chache. Usiku wa Nigeria waliwasha saa mbili ili watu waingie mapema. Saa sita kasorobo ikakata. Haikuwa bahati mbaya wala uchawi wa Nigeria, kama wengine walivyosema.

Kisha akaandika ile kubwa. Namba ya mgongoni ni ya juu kabisa, hailiwi wakati wote, lakini hata ikila theluthi mbili tu, pamoja na dekoda na konvertisa inafika 250. Kwa bateri ile iliyochoka ni saa moja na nusu hivi. Mechi ya dakika 90 yenye mapumziko haifiki mwisho. Hata wangenunua bateri mpya wangepata saa mbili na nusu, halafu paneli yao ya W 100 ingehitaji siku nzima ya jua kali na nusu ya siku nyingine kuijaza tena. Na Novemba, Desemba na Januari, mvua inanyesha na jua linajificha.

Ile ndogo, pamoja na dekoda na konvertisa, ni 70. Bateri ile ile iliyochoka: zaidi ya saa tano.

Baba alitazama hesabu muda mrefu. Alijaribu kuikataa. Alisema fundi anataka kuuza bateri, lakini fundi hakuwa ameuza kitu. Mwishowe akacheka: "Kumbe mama alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki." Ndivyo ilivyokuwa. Tatizo lilikuwa bateri, na dawa ya bateri ilikuwa televisheni nyingine, ila siyo ile aliyoitaka.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa kwamba watu wa Lualaba wanahesabu umeme kwa kijiti mavumbini. Jimbo hili lina mabwawa ya Nzilo na Nseke. Kolwezi ndiko unakofika ule waya mkubwa kutoka Inga, karibu kilomita 1,700, uliowashwa mwaka 1982 ili kuleta umeme kwenye migodi ya shaba. Waya huo umevuka vijiji vingi bila kuacha hata taa moja njiani, kwa sababu haukujengwa kwa ajili ya kuacha taa njiani. Na migodi yenyewe leo inalia kwamba umeme hautoshi, inanunua mwingine Zambia. Shaba iliyo ndani ya nyaya za televisheni, kobalti iliyo ndani ya bateri za simu, nyingi inatoka chini ya udongo wa jimbo hili, inazunguka dunia, na inarudi Kolwezi ndani ya katoni. Kutoka Kolwezi mpaka Musumba inakuja imefungwa blanketi katikati ya magunia.

Hesabu ya umeme ilikuwa imekwisha. Ila mama bado hakusema ndiyo, na mume wake alijua sababu bila kuuliza.

Familia hii haikuzaliwa Musumba. Walikuja mwaka 2017 kutoka upande wa Luiza, Kasai ya Kati, wakati wa vita vya Kamuina Nsapu. Vita vile vilianza mwaka 2016, na kabla havijapoa zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameacha nyumba zao. Wengi walivuka mpaka wakaingia Angola, upande wa Lunda Norte. Wengine walishuka Kapanga, wakapokelewa na ndugu, au na watu wasiokuwa ndugu. Kule walikotoka walikuwa na televisheni pia, tena nzuri kuliko hii ya sasa. Siku ya kutoka, baba aliifunga katika shuka na kuificha katika shimo la mihogo nyuma ya nyumba, akilini mwake ni wiki mbili tu. Walibeba watoto, sufuria, nguo, na ile redio ndogo ya mawe mawili. Ni redio ile ile iliyotangaza penati za Nigeria.

"Redio ilikimbia pamoja na sisi," mama anasema. "Tele hatukuweza."

Kwa mtu aliyewahi kukimbia, kila kitu cha nyumbani kinapimwa kwa mkono: hiki kinabebeka, hiki hapana. Mama ameishi miaka minane hivyo. Viti vyao ni vya plastiki, vinaingiana. Nguo ziko ndani ya mabegi, hazina kabati. Sanduku la inchi 21 lilikubalika kwa sababu lilikuwa bei ndogo na lingeachwa bila uchungu. Lakini kitu kipya, cha dola 140, kilichotoka ndani ya katoni yake, hicho ni kitu cha mtu anayekaa.

Na baba aliongeza jambo bila kujua uzito wake. Alitaka kuining'iniza ukutani.

Ukuta wa matofali ya udongo haushiki chuma cha televisheni. Ukitoboa, unamomonyoka. Fundi alisema wajenge nguzo ndogo ya matofali ya kuchoma ndani, au wapige simenti upande ule mzima. Mifuko miwili, pengine mitatu. Nyumba yenyewe imejengwa juu ya kiwanja walichoonyeshwa na chifu wa mtaa mwaka 2017, kwa maneno ambayo kila mmoja anayakumbuka: kaeni hapa mpaka mtakaporudi. Hakuna aliyewaambia waondoke. Hakuna pia aliyewaambia ni chao. Hapa Musumba, penye makao ya Mwant Yav, ardhi ina wenyewe na ina taratibu zake, na nyumba ya udongo ni jambo moja, nyumba ya simenti ni jambo lingine. Mwenye kupiga simenti anakwenda kwanza kwa chifu na kuku mkononi, anakaa chini, anaomba.

"Simenti inasema tumebaki," mama alimwambia mumewe. Mama yake mzazi bado yuko Luiza. Kila msimu wa kiangazi anatuma neno: njia imetulia, mnakuja lini?

Mjomba wa Kolwezi, walipomweleza kwa simu, hakushangaa hata kidogo. Yeye anakaa katika mtaa unaopakana na mgodi. Kuta zake zina nyufa, na kwa miaka kadhaa kila mwezi wanaambiwa kwamba watahamishwa, mara mwaka huu, mara mwaka ujao. Hapigi rangi, hazibi nyufa, hapandi mwembe. Televisheni yake, bapa, mpya, bado imekaa juu ya katoni yake. Wa Kolwezi wanakumbuka Kasulo mwaka 2017, mamia ya familia zilivyohamishwa ili mtaa uwe machimbo, na jinsi watu walivyosimama njiani kutazama malori yakipita na vitu. Mara nyingi juu ya godoro ilikuwa televisheni, na watazamaji wakasema: tazama, pesa ya nyumba wamekula kwa tele. Ni hukumu ya haraka. Pesa ya fidia ikiwa haitoshi kununua nyumba sawa na ile iliyovunjwa, inabaki kununua vitu vinavyobebeka, na hakuna mtu anayepita barabarani aliyeuliza ilikuwa kiasi gani.

Tena si kweli kwamba mama anachukia televisheni. Kuna usiku mmoja ambao bado anausimulia. Ilikuwa tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Afrika, Abidjan, Leopards dhidi ya Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji waliziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakaviweka kichwani kama bunduki, kwa ajili ya watu wanaouawa na kufukuzwa mashariki ya nchi. Leopards walishindwa 1 kwa 0 na watu wakarudi nyumbani kimya. Mama hakumbuki bao. Anakumbuka ile mikono, midogo, yenye mavumbi, ndani ya sanduku la inchi 21, na kwamba alimwita binti yake atoke jikoni aje aone haraka. Redio ingeweza kusema jambo hilo kwa maneno. Lakini hakuna sauti iliyotoka katika midomo ile, na hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Binti ndiye aliyemaliza shauri. Yeye alikuwa amefanya hesabu ya nne, ambayo wakubwa hawakuifanya. Akachukua 210 akatoa 140: zinabaki 70, zinatosha awamu ya kwanza ya mwaka wake, na kama mashindano ya Afrika yatajaza nyumba hata mara nne, awamu ya pili itatoka mlangoni. Wasiponunua, akasema, pesa zote zitaenda shule, ndiyo, lakini sanduku likizimika tena mbele ya watu hakuna atakayerudi kulipa, na kopo litakauka kabla ya Machi. Kisha akasema jambo ambalo baba yake bado analirudia kwa wateja wa baiskeli: "Papa, mimi sihitaji itundikwe. Iwekeni mezani."

Meza yenyewe hawakuwa nayo. Televisheni ilifika wiki ya pili ya Desemba, baada ya lori kulala siku tatu kwenye matope kabla ya Sandoa. Mjomba alikuwa ameiwasha mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa, akakagua kama ina matundu ya nyuzi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kwa sababu dekoda yao ni ya zamani. Kuna watu wamenunua kioo kizuri wakakuta hakina pa kuchomeka dekoda. Hata hivyo walipofungua blanketi mikono ya baba ilitetemeka. Fundi alimkataza mtu yeyote kuvunja sanduku la zamani ili kutoa shaba yake, kwani kioo chake kina risasi ndani, na nyuma ya kioo unaweza kukaa umeme mkali hata baada ya kuzimwa. Watoto wa mtaani walikuwa tayari wanalizunguka na mawe. Mama aliwafukuza. Alilifuta vumbi, akaliweka pale pale lilipokuwa, akatandika kitambaa juu yake, na juu ya kitambaa wakaweka ile mpya. Mgongo wa ile mpya hauguse ukuta.

Tarehe 23 Desemba Leopards waliifunga Benin 1 kwa 0. Nyumba ilijaa. Watu wa nyuma bado walinung'unika kwamba kioo si kikubwa kama cha soko, na wachache kweli walikwenda kwa jenereta. Lakini picha ilikuwa safi, na katikati ya picha hiyo, jukwaani, alionekana mtu mmoja ambaye mwanzo watu walidhani ni kosa la mitambo. Alivaa suti, mkono wake wa kuume umeinuliwa, hatikisiki. Wote wakiruka yeye amesimama. Wazee walimtambua kabla ya watangazaji kueleza: ni Lumumba, ni ile sanamu ya Kinshasa. Shabiki huyo, Michel Kuka Mboladinga, alisimama hivyo mechi baada ya mechi, na Musumba wakaanza kuingia mapema kumtafuta yeye kabla ya kutafuta wachezaji. Nkambo mmoja wa jirani, ambaye mpira haumhusu, alilipa faranga zake 500 akakaa mbele kabisa. "Mtu asiyesema kitu," alisema, "huyo redio ingemwonaje?"

Jumanne tarehe 6 Januari 2026 ilikuwa zamu ya Algeria. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, paneli haikupata jua, na baba aliweka kidole kwenye bateri kila baada ya dakika chache kana kwamba ni mgonjwa. Dakika 90 zikaisha bila bao. Nyongeza ikaanza. Watu waliokuwepo usiku wa Nigeria walikuwa wanatazama konvertisa kuliko mpira. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango wa chumbani, redio iko mapajani, imezimwa.

Dakika ya 119 Algeria wakapata bao. Taa ya konvertisa ilibaki ya kijani mpaka filimbi ya mwisho, mpaka kamera ikamrudia yule mtu jukwaani, ameshusha mkono, analia. Hakuna aliyedai pesa. Watu walitoka mmoja mmoja katika manyunyu, na mama akabaki anapanga viti vya plastiki, kimoja ndani ya kingine.

Baba hajanunua simenti. Mama, kwa upande wake, ameanza kufuga kuku wawili ambao hataki wauzwe, na akiulizwa ni wa nini, anasema bado hajui.